Palilia kwa Umri wa Zao, Si kwa Tarehe

Chimbua shina moja la gugu la ndago kwa jembe, polepole, usilivute. Chini yake utakuta kitunguu kidogo cheusi, na ubavuni mwake kijizizi chembamba kama waya kinachokwenda hadi kitunguu cha pili, na pengine cha tatu. Ukivuta kwa mkono, waya hukatika. Unabaki na majani kiganjani, vitunguu vinabaki ardhini, na siku chache baadaye kila kimoja kinachipua. Wakulima hutuambia, "Nimepalilia juzi tu, mbona magugu yamerudi?" Hayakurudi. Hayakuondoka.

Nimeanza na ndago kwa sababu ni miongoni mwa magugu sumbufu zaidi duniani, na kwa sababu inapenda joto. Mimea haitumii hewa ya ukaa kwa namna moja. Mahindi, mtama, miwa na hiyo ndago wako kundi moja: hustahimili jua kali na hutumia maji kwa ubahili. Mpunga, ngano, maharage na muhogo wako kundi jingine, ambalo hunufaika zaidi hewa ya ukaa inapoongezeka. Na imeongezeka kweli: kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420. Magugu mengi ya jamii ya nyasi yako kundi la kwanza, na mengi ya majani mapana yako la pili. Kwa hiyo mwenye mpunga atasumbuliwa zaidi na magugu ya jamii ya nyasi wakati wa joto na uhaba wa maji, na mwenye mahindi atayaona magugu mengi ya majani mapana yakinenepa kuliko zamani. Hali ya hewa inayobadilika haimpendelei mkulima upande wowote.

Hata hivyo, hasara kubwa ninayoiona mashambani inatokana na muda. Mahindi huumizwa zaidi na magugu kati ya wiki ya 2 na ya 6 hivi baada ya kuota. Kipindi hicho kikipita shamba likiwa chafu, palizi ya baadaye husafisha macho tu, mavuno yameshapungua. Zamani mtu aliweza kusema, "mwezi fulani tunapalilia," kwa kuwa mvua ilikuja kwa mazoea. Sasa inachelewa wiki tatu, inanyesha siku mbili, inakata, halafu inarudi kwa kishindo. Tarehe haimwambii mkulima chochote. Ahesabu majani: mahindi yakiwa na majani matatu au manne yaliyofunguka, jembe liwe shambani. Na mvua ikikatika, asijipe likizo, maana unyevu mdogo uliobaki gugu nalo linaunywa.

Achague na saa. Gugu lililokatwa asubuhi ya jua kali hunyauka kabla ya jioni. Likikatwa kwenye tope huku mawingu yametanda, mengi hujishika upya. Lile lenye shina nyororo na maua madogo ya buluu ndilo bingwa wa mchezo huu, kwani kila fundo la shina lina uwezo wa kutoa mizizi. Hilo likusanywe na kutolewa nje ya shamba, lisiachwe katikati ya mistari.

Dawa za magugu je? Sizipingi. Nazipinga zikiwa ndiyo njia pekee. Gugu lililokaa na kiu huvaa nta nene zaidi kwenye majani na kupunguza shughuli zake, hivyo dawa haipenyi vizuri; mvua ya ghafla nayo huiosha kabla haijaingia. Mkulima akiona haijafanya kazi hurudia ile ile, msimu baada ya msimu, na machache yaliyostahimili ndiyo yanayozaa. Glaifosati, mojawapo ya dawa hizo, iliingia sokoni mwaka 1974, na kufikia mwaka 1996 nyasi sugu dhidi yake ilikuwa imegunduliwa Australia. Leo usugu uko katika nchi nyingi na kwa dawa za aina nyingi. Kuongeza kipimo kuliko kilichoandikwa kwenye kibandiko ni hatari kwa anayepuliza, wala hakuuondoi usugu huo.

Vita yenyewe iko kwenye akiba ya mbegu iliyo ardhini. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu na mchanga huko Michigan, Marekani, zifukuliwe moja moja kwa miaka mingi. Katika ile iliyofukuliwa mwaka 2021 bado kulikuwa na mbegu zilizoota! Hizo ni za pekee. Mbegu nyingi za magugu hufa ndani ya miaka michache, mradi usiongeze nyingine. Lakini mmea mmoja mkubwa wa mchicha pori unaweza kuangusha zaidi ya mbegu 100,000. Ndiyo maana yale magugu machache yaliyosimama baada ya mavuno, ambayo hakuna anayeyajali kwa sababu zao limeshatoka, mimi huyaogopa kuliko ya katikati ya msimu. Yang'olewe kabla hayajachanua.

Mbegu ndogo nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 huzinyima mwanga huo na papo hapo huzuia udongo usikauke, faida mbili kwa kazi moja. Mazao yanayotambaa, kama kunde kati ya mistari ya mahindi, hufanya karibu vivyo hivyo. Ndago haijali sana matandazo. Huyatoboa kwa ncha zake. Samadi ioze vizuri kabla ya kupelekwa shambani, la sivyo unapanda magugu kwa mikono yako mwenyewe.

Ukitaka kujua shamba lako limebeba nini, chota udongo wa juu sehemu kumi tofauti, uchanganye, uutandaze kwenye beseni lililotobolewa chini, weka penye mwanga na umwagilie kwa wiki nne. Hesabu kinachoota, ng'oa, andika. Rudia msimu ujao kabla ya kupanda, kwa beseni lile lile na kiasi kile kile cha udongo, kisha linganisha.