Kabla hujanunua traiga mpya, iangalie vali kwanza

Wiki hii nimeletewa Tippmann 98 Custom tatu, zile bunduki za peintiboli zinazorusha mipira ya rangi kwa gesi, na mbili kati ya hizo kesi ni ileile, mtu kafunga Response Trigger (traiga inayorudishwa na gesi), bunduki inapiga kama cherehani, ila mpira wa kwanza unafika, wa tano unafika kwa mbinde, wa kumi unadondoka njiani. Halafu ananiambia fundi hii traiga mbovu. Traiga haina shida kaka, umekosa gesi. (Wachezaji wenyewe hawapendi iitwe bunduki, wanasema maka, mi nimeshazoea hivi.)

Ngoja nielezee ndani kunakwendaje maana ukishaelewa hapa hutapoteza hela. Ukivuta traiga inasukuma kichuma kidogo kilichoishikilia nyundo, mi nakiita ndoano. Ndoano ikiachia, springi kubwa inairusha nyundo mbele, nyundo imeungwa kwa fimbo na bolti ya mbele kwahiyo bolti inasukuma mpira kwenye mtutu, na muda huohuo nyundo inagonga pini ya vali, vali inafunguka. Gesi inagawanyika: nyingine inakwenda mbele na mpira, nyingine inarudi nyuma kuisukuma nyundo mpaka ishikwe tena na ndoano. Sasa hiyo Response Trigger nayo inachota gesi inayobaki kusukumia traiga irudi kwenye kidole, ndo maana inakuwa haraka vile. Yaani vali moja, wateja watatu.

Na wengi bado wanatumia gesi ya CO2. Mi niko Ohio, Marekani, asubuhi za Novemba huku si mchezo. CO2 kwenye nyuzi 21 inakupa presha ya kama psi 850 hivi, ikishuka sifuri inabaki kama 500, na ukipiga mfululizo chupa yenyewe inazidi kupoa mpaka inaota barafu, presha inazidi kushuka. Ukihamia chupa ya hewa yenye regyuleta (kifaa kinachotoa presha ileile muda wote), nusu ya malalamiko inaisha bila kugusa traiga, hii wauza vipuri hawakwambii.

Kuhusu vali za kubadilisha: zinazouzwa nyingi zimepanuliwa matundu ili gesi ipite kirahisi na chumba chake kijae haraka. Nzuri, ila vali haiko peke yake, muda inaokaa wazi unaamuliwa na nyundo na springi mbili, ile inayorusha nyundo na ile ndogo inayoifunga vali. Ukiweka springi kali ya nyundo vali inakaa wazi sana, spidi inapanda, gesi inaliwa ovyo na bunduki inaanza kupiga teke. Springi ndogo ikiwa kali vali inafunga mapema na nyundo inaweza isirudi mpaka mwisho. Kwahiyo badilisha kitu kimoja, pima, ndo uende kingine. Skrubu ya spidi ipo kushoto, ukikaza inapungua.

Traiga sasa. Kabla ya kununua chochote, toa chupa, piga kavu, yaani bila mipira, gesi iliyobaki iishe, fungua ndoano na nyundo uzisugue pale zinapogusana, msasa 1000 wa maji halafu 2000, malizia na Brasso, ile dawa ya kung'arishia chuma, mpaka uone uso wako. Sugua tu, USIBADILISHE PEMBE, ukiila ile kona ndoano haishiki tena. Ukimaliza utadhani umebadilisha bunduki.

Skrubu za kufupisha mwendo wa traiga ndo ziliniumbua mimi. Nikaifupisha mpaka inaguswa tu, najiona bingwa, nikaivuta mara moja ikamwaga mipira yote mfululizo mpaka gesi ikaisha, kwa sababu ndoano haikuwa inapata nafasi ya kurudi kushika nyundo. Bahati mtutu ulikuwa umeelekea chini na nilikuwa nimevaa miwani. Acha mwendo kidogo mbele na nyuma, hata milimita moja inakuokoa.

Baada ya hapo ni kronografu, kifaa cha kupima spidi ya mpira. Piga kumi taratibu halafu kumi haraka uandike zote. Viwanja vingi huku kikomo ni futi 280 au 300 kwa sekunde, yaani kama mita 85 mpaka 91. Zile za haraka zikishuka sana kuliko za taratibu, vali haijai kwa wakati, rudi kwenye springi na chupa. Zikiwa sawa funga kazi nenda kacheze.

Ile bunduki ya tatu nusura niisahau. Mwenyewe alikuwa anataka vali mpya kwa sababu ilikuwa inakataa kujikoki. Nikaifungua nikakuta oringi ya nyundo (ile pete inayozuia gesi isivuje) imelika, gesi inavuja pembeni badala ya kuisukuma nyundo nyuma, kumbe mtu alikuwa anaipulizia WD-40, yale mafuta ya kopo ya kulegezea kutu, kila wikiendi. Nimeweka oringi ya urethani na matone mawili ya oili ya peintiboli, ipo hapa mezani inamsubiri.