Kiti cha Pembeni ya Daktari wa Radiolojia

Wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti wa uchanganuzi wa picha za kitabibu huniuliza kwanza wajifunze lugha ipi ya kompyuta. Nami huwauliza kama wamewahi kukaa na daktari wa radiolojia anaposoma picha, kwa sababu maswali yanayostahili miaka ya uzamivu hupatikana hapo.

Mfano wa swali lililozaliwa hospitalini ni huu: mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya mionzi, na Allan Cormack, mhadhiri wa fizikia, akaombwa kushika nafasi hiyo kwa muda. Aliona kwamba tiba ilipangwa kana kwamba mfupa, pafu na msuli hufyonza mionzi kwa kiwango kimoja, akaanza kutafuta hesabu ya kutambua kila sehemu inafyonza kiasi gani. Makala zake za 1963 na 1964 hazikushtua karibu mtu yeyote; Tuzo ya Nobel aliipata 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield, mhandisi aliyeunda mashine ya CT, inayotumia hesabu ya aina hiyo kujenga picha za ndani ya mwili kwa eksirei.

Mimi nilichelewa kukikalia kiti cha pembeni ya daktari. Nikiwa katika uzamivu niliifunza kompyuta kutambua uvimbe katika picha za ubongo za MRI, yaani zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, na alama zilikaribia ukamilifu, hadi mwenzangu aliponiuliza nimegawaje data. Nilikuwa nimechanganya vipande vya picha bila kujali ni vya nani, hivyo mgonjwa yuleyule alikuwemo katika mafunzo na katika jaribio pia, na kompyuta ilipimwa kwa watu iliokwisha kuwaona. Nilipogawa upya kwa kufuata mgonjwa, alama ziliporomoka, nami nikaizuia makala ambayo ningeituma wiki ile.

Ndipo nikaenda kuketi na daktari. Alichora mpaka wa uvimbe kwa kipanya, akafika upande ambao tishu imejaa maji, akasita, akafuta, akachora tena milimita mbili ndani. Daktari wa pili, kwa picha ileile, alipitisha mstari nje ya pale pa kwanza. Nilikuwa nikiihukumu kompyuta kwa mpaka mmoja ambao mabingwa wawili hawakuafikiana juu yake, na tasnifu yangu ikageuka kuwa juu ya kuiwezesha kompyuta kuonyesha ni wapi haina hakika.

Baada ya uzamivu, wengi hupitia mikataba mifupi ya utafiti kabla ya kuwania uhadhiri. Wengine huajiriwa na hospitali au watengenezaji wa mashine. Linaloniuma ni kwamba kamati za kupandisha vyeo huhesabu makala na kuwasahau waandishi wa programu, ilhali ImageJ, programu huria ya kuchanganua picha iliyoandikwa na Wayne Rasband wa taasisi za afya za Marekani, imebeba kazi za maabara nyingi mno tangu 1997.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali nafasi ya uzamivu, mwulize msimamizi nani huchora mipaka katika picha zake, na kama utaruhusiwa kuketi naye anapoichora.