Si kila bunduki kuukuu ni gobore

Ukionyesha bunduki yoyote ya zamani, mtu atakwambia "hilo gobore". Sivyo. Gobore hushindiliwa mdomoni: baruti, risasi, kisha mdeki, ule ufito wa kushindilia. Mauser ya 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo kwenye mapigano ya Tanga Novemba 1914, ilitiwa risasi kwa nyuma, moja moja. Ubaya wake ulikuwa baruti nyeusi: ukifyatua tu, moshi unakutangaza ulipolala.

Dhana: kutia risasi nyuma ni ubunifu wa karne ya 19.
Ukweli: Mfalme Henry VIII wa Uingereza alikuwa na bunduki ya aina hiyo, ya mwaka 1537. Wazo ni la kale. Tabu ilikuwa gesi. Ukishatoboa mlango nyuma ya mtutu, moto nao hutafuta njia hapohapo, karibu na jicho lako. Bunduki ya Hall, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1819, ilivuja kwenye maungio licha ya kutengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Dhana: majenerali waliikataa bunduki ya kutia risasi nyuma kwa ukaidi tu.
Ukweli: ukaidi ulikuwepo, lakini itazame bunduki ya Dreyse, iliyopokewa na Prusia, dola ya Kijerumani, mwaka 1841. Risasi yake ilifungwa kwa karatasi, na fataki, kile kilipuzi kidogo cha kuwasha baruti, ilikaa mbele ya baruti, kwenye kitako cha risasi. Sindano ndefu ilibidi itoboe karatasi na kupenya baruti yote ndipo iifikie. Ikawa inaungua kila mlio, mpaka inavunjika. Ungekuwa wewe ndiye mnunuzi?

Dhana: Dreyse iliishinda Austria mwaka 1866 kwa kupiga mbali.
Ukweli: Lorenz ya Waaustria, ya kushindilia mdomoni, ndiyo iliyofika mbali zaidi. Mprusia alipakia upesi, tena akiwa amelala kifudifudi, wakati mwenzake anasimama kuhangaika na mdeki. Na bunduki peke yake haishindi vita: mwaka 1870 Wafaransa walikuwa na Chassepot, bora kuliko Dreyse, na bado walipigwa na Wajerumani.

Kilichomaliza tabu ya gesi ni ganda la shaba. Baruti ikilipuka, ganda hutanuka na kuziba kila upenyo. Shinikizo likishuka, hunywea kidogo, likavutwa nje likiwa bado moto.