Acheni kuusingizia wastani

Wiki hii nimeambiwa tena. Jedwali liko mezani, safu moja ina wastani, na kabla sijafungua mdomo mtu mmoja akajiegemeza kwenye kiti na kusema, kwa sauti ya aliyefichua wizi: "Lakini wastani unadanganya. Kwa nini hukutumia mediani?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na leo nitalimaliza hapa.

Najua lilikotoka. Zamani shida ilikuwa kinyume: watu hawakujua kama kuna kitu kingine zaidi ya kujumlisha na kugawanya. Tukawafundisha mediani, ile namba inayokaa katikati ukizipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa. Tukawapa ule mfano wa bilionea anayeingia chumbani na kuwafanya wote waliomo matajiri kwa wastani. Mfano ukawanogea, wakabaki nao huohuo. Sasa kila aliyewahi kumsikia huyo bilionea anaamini mediani ni mkweli, wastani ni tapeli, na somo limeishia hapo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mkuu wa kitengo kimoja cha matengenezo aliniuliza kazi moja huwachukua mafundi muda gani. Nilikuwa na kumbukumbu za kazi tisa, kwa dakika: 10, 12, 15, 18, 20, 20, 25, 90, 240. Mediani ni ile ya tano kwenye mstari, 20. Wastani ni 50. Nikajiona mjanja: kazi saba kati ya tisa ziko chini ya wastani, sasa hiyo 50 inamwakilisha nani? Nikamjibu 20, nikaongeza na mahubiri mafupi juu ya ubaya wa wastani.

Yeye akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Zamu iliyofuata ilikuwa na kazi tisa nyingine za aina ileile, akazidisha 9 kwa 20, akapata dakika 180, akapanga mafundi kwa saa 3. Wakati huo zile tisa za kwanza, nilizozitumia mimi mwenyewe kupigia hesabu, zilikuwa zimekula dakika 450. Saa 7 na nusu. Sitaeleza jioni ile ilivyokuwa.

Mediani niliihesabu sawasawa. Kilichonipita ni swali. Yeye hakutaka kujua kazi ya kawaida inafananaje. Alitaka kujua mzigo. Na wastani ni mzigo mzima uliogawanywa sawa kwa kila mmoja, kwa hiyo ukiuzidisha kwa idadi unarudishiwa jumla yako kamili, 50 mara 9 ni 450, hakuna kilichopotea njiani. Mediani hairudishi kitu. Ibadilishe ile 240 iwe 2400, mediani inabaki 20, haina habari kabisa. Vitabu huipamba tabia hiyo kwa jina la ustahimilivu, na mara nyingi ni ustahimilivu kweli, hasa pale ile 240 inapokuwa kosa la mwandishi aliyeongeza sifuri. Lakini kama kuna fundi aliyelala chini ya mashine dakika 240, huko si kustahimili, ni kumpuuza.

Bajeti, akiba, foleni, umeme, maji, muda wa watu: popote jibu lako litakapozidishwa kwa idadi fulani, unataka wastani, hata kama hakuna hata mmoja anayefanana nao. Mediani ni ya mtu mmoja anayeuliza, "Mimi nitakuwa wapi kwenye mstari huu?" Hayo ni maswali mawili tofauti. Wanasema mchagua jembe si mkulima, ila kwenye takwimu asiyechagua jembe ndiye anayeharibu shamba.

Kuna msemo mwingine unaonichoma: "watu wa kale walikufa wakiwa na miaka 30 na ushei." Hapa ndipo wapenzi wa mediani hunirukia wakidhani nimejileta mwenyewe. Haya, tuchukue watu kumi wa kubuni. Wanne wanafariki wakiwa wachanga, tuandike sifuri. Sita wanafariki wakiwa na miaka 60. Wastani ni 36, na kweli hakuna hata mmoja aliyefariki karibu na 36. Msomaji wa haraka anaona kijiji cha vijana wanaozeeka wakiwa na miaka 35, jambo ambalo halipo. Basi tutumie mediani? Mediani ni 60. Safi kabisa, na watoto wanne wamefutika kwenye hesabu kana kwamba hawakuzaliwa. Modi, yaani namba inayojirudia zaidi, nayo ni 60. Ni wastani peke yake uliobeba vifo vya wachanga, ila umevibeba kwa namna ambayo hakuna anayeviona. Data yenye vilima viwili haina namba moja ya kuieleza. Toa namba mbili au chora picha, na usinilazimishe kuchagua uongo ninaoupenda zaidi.

Wanaoiona mediani kuwa ya kidemokrasia wako na mtu mkubwa upande wao, mwanasayansi Mwingereza Francis Galton. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa ng'ombe dume atakapokuwa amechinjwa na kusafishwa. Galton alizipata kadi zao, akabaki na 787 zinazosomeka, na mwaka 1907 akachapisha matokeo katika jarida la Nature. Akachagua mediani makusudi, kwa hoja kwamba kila kisio ni kura moja, na mpuuzi mmoja asiruhusiwe kuwavuta wengine wote. Mediani ilikuwa ratili 1207. Uzito aliouripoti ni 1198. Si haba. Baadaye hoja ya wastani ilipoletwa, akautaja: 1197. Ule uliotuhumiwa kwa utapeli ulikosea kwa ratili moja, na mkweli wetu kwa tisa. Sisemi wastani umeshinda, ng'ombe mmoja si ushahidi. Ila ninyi mnaonitajia bilionea, na mimi nina ng'ombe wangu.

Tatizo jingine la mediani, ambalo sijui kwa nini hatulisemi kwa sauti, ni kwamba haiunganiki. Nipe wastani wa makundi mawili na idadi ya kila kundi, nitakupa wastani wa wote bila kuiona data yenyewe. Nipe mediani zao, nitakutazama tu. Kundi la kwanza 1, 2, 9. La pili 3, 4, 5. Mediani ni 2 na 4. Zikichanganywa zote sita, mediani ni 3.5. Sasa igeuze ile 9 iwe 2: mediani za makundi bado ni 2 na 4 vilevile, ila ya wote imeshuka hadi 2.5. Na hiyo nukta tano mnaijua inatoka wapi? Idadi ya namba ikiwa shufwa hakuna ya katikati, kwa hiyo tunachukua zile mbili za kati na kutafuta wastani wake. Mediani ikikwama, inakimbilia kwa yuleyule tapeli.

Wastani nao mnaweza kuuharibu, na mnauharibu kila siku kwa kutafuta wastani wa wastani. Darasa moja lina wanafunzi 10 na wote wamefaulu, asilimia 100. Jingine lina 90 na wamefaulu 45, asilimia 50. Mtu anajumlisha 100 na 50, anagawanya kwa mbili, anaandika 75 kwa wino mzito. Waliofaulu ni 55 kati ya 100. Asilimia 55! Lahajedwali haitakuzuia, itakupa 75 kwa heshima zote.

Madarasa hayohayo yana mtego mwingine, na huu naupenda. Wastani wa ukubwa wa darasa ni wanafunzi 50. Mkuu wa shule anasema 50, na yuko sahihi: watu 100, madarasa mawili. Sasa zunguka ukamuulize kila mwanafunzi, "Darasani kwenu mko wangapi?" Kumi watajibu 10, na 90 watajibu 90. Wastani wa majibu yao ni 82. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyetumia kanuni tofauti. Mkuu amegawanya kwa madarasa, wanafunzi wamegawanya kwa vichwa. Ugomvi mwingi ninaoitwa kuuamua ni huu, umevaa nguo nyingine, na wagombanaji hubishania wastani na mediani huku kigawanyo hakuna anayekiangalia.

Zilizobaki nizipitie upesi. Modi ni nzuri kwa vitu vinavyopangwa kwa aina, kama rangi au saizi ya kiatu. Kwa vipimo kama urefu hutegemea umeyakata makundi yako wapi, kwa hiyo usinijie nayo. Ukienda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 30, wastani wa mwendo si 45, ni 40, kwa sababu ulikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa pole. Huo ndio wastani wa hamoniki. Kitu kikipanda asilimia 50 kisha kikashuka asilimia 50 hakijarudi kilipokuwa, kimebaki robo tatu. Kwa mambo yanayozidishana tumia wastani wa kijiometri, unaozidisha namba na kutafuta kipeuo badala ya kujumlisha na kugawanya.

Sasa na mimi nikiri yangu. Madodoso ya kuridhika, 1 hadi 5: kanuni inasema usitafute wastani, maana hakuna ajuaye kama hatua ya 1 kwenda 2 inalingana na ya 4 kwenda 5. Mimi hutafuta. Mediani huwa 4 mwaka huu, 4 mwaka jana, 4 mwaka juzi, huku wateja wakinung'unika waziwazi. Wastani angalau hutikisika. Sina utetezi wa kinadharia.

La pili ni zito zaidi. Kuna mtawanyo, yaani namna namba zinavyosambaa, unaoitwa wa Cauchy ambao wastani wake haupo kabisa. Kusanya vipimo milioni kutoka humo, wastani wake hauaminiki zaidi ya kipimo kimoja ulichookota. Darasani hilo ni fumbo la kufurahisha. Kazini najiuliza mikia ya data yangu, yaani zile namba zilizo mbali na nyingine, ni mirefu kiasi gani, na namba tisa haziwezi kunijibu. Ile 50 niliyopaswa kumpa mkuu wa kitengo ilikuwa imebebwa zaidi ya nusu na kazi moja, ile ya dakika 240. Ingetokea siku moja baadaye, nisingeiona, na ningempa wastani wa dakika 26 nikiwa na uhakika uleule. Nimewahi kujaribu kukata ncha zote mbili kabla ya kugawanya, na inasaidia, mpaka mtu aulize kwa nini nimekata asilimia 10 na si 20. Hapo huwa natafuta kalamu yangu chini ya meza.