Karatasi za wazee waliopigana: msizitenganishe, msizitie plastiki

Sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaitaja Kambi Saïo, kambi ya jeshi ya hapa mjini, kila siku. Saïo ni mji wa Ethiopia. Huko, tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia na majenerali wenzake walijisalimisha kwa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, iliyokuwa chini ya Jenerali Auguste Gilliaert. Waliobeba bunduki na kulala njaa njiani, kupitia Sudan, walikuwa askari Wakongo. Wengine baadaye walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipoisha mwaka 1945 walirudi makwao, na karatasi zao nyingi bado zimo kwenye masanduku ya wajukuu, Kadutu, Bagira, Kabare na Walungu.

Karatasi hizo ndizo tunazozitafuta, sisi tunaohifadhi kumbukumbu za wazee hao, hasa za mwisho wa vita. Wakati wa mapigano, jeshi huandika amri, ramani na ripoti za maofisa, na askari wa kawaida humwoni humo. Siku vikosi vinapovunjwa ndipo karani anapokaa mezani kumwandika yeye: ametumikia miaka mingapi, alipita wapi, anadai pesa gani, amestahili medali ipi, anarudishwa kijiji gani. Anayetaka kujua wazee wetu walitendewaje na serikali ya kikoloni ataanzia kwenye karatasi hizo.

Hivi karibuni familia moja ilituletea kitabu cha jeshi cha babu yao. Jalada lilikuwa limeliwa na mende, lakini ndani mlisomeka jina lake, la baba yake, la chifu wake, na namba yake ya jeshi. Ukurasa wa adhabu ulikuwa umejaa. Ule wa kampeni, yaani safari zake za vita, ulikuwa na mistari miwili mifupi na mhuri. Katikati ya kurasa mlikuwa na risiti ndogo ya pesa, imekunjwa mara nne. Kijana mmoja wa familia alitaka kuitupa. Mimi niliona hiyo ndiyo yenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa inaonyesha alilipwa kiasi gani na wapi, jambo ambalo kitabu chenyewe hakikuandika.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: vitu vilivyokaa pamoja viendelee kukaa pamoja. Wako watu wanaopita wakinunua medali, na karatasi wanaiacha au wanaitupa. Medali bila cheti chake ni chuma kinachofanana na maelfu mengine. Cheti bila bahasha yake, bila picha iliyokuwa ndani yake, kimepoteza nusu ya habari. Msiuze kimoja kimoja. Kabla ya kukitoa kitu sandukuni, pigeni picha jinsi kilivyokuwa kimekaa.

La pili ni plastiki. Mjini vibanda vya fotokopi vitawatilia karatasi kwenye plastiki ya moto kwa bei ndogo, na watu hudhani wameiokoa. Joto na gundi vinaingia kwenye karatasi, na haitoki tena humo ikiwa salama. Skochi, ule utepe wa gundi, nayo inageuka rangi na kuacha doa lisilofutika. Bahasha ya karatasi kavu inatosha, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta, maana unyevu wa hapa kwetu hauna huruma. Pini zenye kutu ziondoeni polepole. Medali msiisugue, na utepe wake msiufue.

Na moto. Tunajua jinsi nyumba za mbao zinavyoungua Kadutu. Pigeni picha za simu, kila ukurasa, mbele na nyuma, mchana karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu, kisha nakala zikae kwa ndugu wa mji mwingine.

Karatasi za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zina shida yake. Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, Septemba 1914. Mwaka 1916 Force Publique ikaingia Rwanda na Burundi, ikafika Tabora tarehe 19 Septemba. Wapagazi wa kampeni hizo wanakadiriwa kufikia 260,000. Askari alikuwa na namba. Mpagazi mara nyingi aliishia kwenye orodha tu, bila namba. Familia yenye hata kipande kimoja chenye jina la mpagazi itupigie hodi.

Mkitaka kumtafuta mzee wenu katika mafaili ya Force Publique yaliyoko Brussels, Ubelgiji, shikeni ile namba ya jeshi. Makarani waliandika majina walivyosikia, na mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu.

Mkija kwetu, tunapiga picha mbele yenu na karatasi inarudi nanyi siku hiyohiyo. Tunaandika ilitoka kwa nani, ilimfikiaje, na nani anaruhusiwa kuiona. Karatasi zenye mhuri zilizochukuliwa kwenye ofisi za serikali hatununui. Vyeti vya kuachishwa jeshi vilivyotolewa na CONADER, tume ya taifa ya kuwaachisha askari jeshi na kuwarudisha uraiani, baada ya vita vya 1998 hadi 2003, tunavihifadhi pia, ila kwa kufungwa bila kuonyeshwa watu, kwa sababu wenye majina hayo wako hai na wanaishi kati yetu. Msiviweke kwenye WhatsApp. Na sandukuni mkikuta risasi au bomu la mkono, msiliguse wala msilete kwetu: watoeni watoto chumbani, fungeni mlango, mwiteni mkuu wa kartie (mtaa).