Ngome ya Urquhart haikubomolewa na mizinga ya Waingereza

Gofu la Urquhart, kando ya ziwa la Loch Ness huko Uskoti, ni rahisi kudhani liliangushwa na mizinga ya Waingereza. Dhana hiyo ina chanzo chake: mwaka 1296 Waingereza kweli waliiteka ngome hiyo. Lakini waliowapora watu wa ukoo wa Grant, waliokuwa wakiimiliki, mwaka 1545 walikuwa Waskoti wenzao, na pigo kubwa zaidi lilitoka ndani.

Mwaka 1689 askari wa serikali waliwekwa humo. Wakazingirwa na watu waliotaka mfalme aliyeondolewa arudishwe, lakini askari hawakushindwa. Walipohama mwaka 1692 wakalilipua jengo la lango kwa baruti, adui asije akapata pa kujificha. Wenyeji wakajichukulia mawe na mbao. Mwaka 1715 dhoruba ikaangusha sehemu ya mnara.

Huhitaji kusafiri ili kuhakiki. Kuza picha yoyote ya langoni: mapande makubwa ya ukuta yamelala palepale, mawe bado yameshikana. Kwa magofu mengine, uliza nani alitoka mwisho, kisha chungulia mazizi ya jirani. Jiwe lililochongwa vizuri halikuzaliwa zizini.