Jarida la rege si bendera: dhana zinazoharibu usanifu wake

Mteja akileta kazi ya jarida la rege, agizo la kwanza hutangulia hata jina la jarida lenyewe: "Weka zile rangi za bendera ya Jamaika." Anamaanisha nyekundu, njano na kijani. Nasanifu kurasa za majarida ya muziki, na hakuna kauli inayonichosha kama hiyo, maana imebeba makosa mawili kwa mpigo mmoja.

Dhana: Nyekundu, njano na kijani ni rangi za Jamaika, na zikishawekwa jarida limekuwa la rege

Bendera ya Jamaika, iliyopandishwa siku ya uhuru tarehe 6 Agosti 1962, ni nyeusi, kijani na dhahabu. Nyekundu haimo kabisa. Rangi tatu anazozitaka mteja zimetoka Ethiopia. Marasta walizichukua kwa ajili ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia aliyetawazwa Novemba 1930 na wanayemtukuza kama Mungu. Nyeusi inayoongezwa mara kwa mara inarudi kwa Marcus Garvey, mwanaharakati wa Jamaika ambaye chama chake kilitangaza nyekundu, nyeusi na kijani kuwa rangi za watu weusi mwaka 1920. Simba mwenye taji naye ni Simba wa Yuda, alama ya wafalme wa Ethiopia. Hizi ni alama za imani na za madai ya kisiasa. Ukizitandaza juu ya mahojiano ya mwimbaji asiye Rasta, umemvisha dini ya watu wengine bila kumuuliza.

Kosa la pili ni la macho. Nyekundu na kijani vilivyokolea vina mwanga unaokaribiana sana, kwa hiyo maandishi ya nyekundu juu ya kijani hutetemeka na kumchosha msomaji kabla hajamaliza aya. Jaribu mwenyewe: geuza ukurasa uwe wa kijivu kwenye kompyuta, uone kichwa cha habari kinavyozama kwenye usuli wake. Wapo pia wasomaji wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani, wengi wao wanaume. Njano juu ya karatasi nyeupe ndiyo usiseme, haisomeki.

Basi rangi hizo zitumike vipi? Tazama jalada la Exodus, albamu ya Bob Marley ya mwaka 1977, lililosanifiwa na Neville Garrick. Dhahabu imetawala, na jina la albamu limechorwa kwa herufi zinazofuata umbo la hati ya Kiethiopia. Hakuna simba, hakuna jani la bangi, na sura ya Marley haiko mbele. Anayejua anatambua mara moja kinachosemwa. Miaka miwili baadaye, kwa albamu ya Survival, Garrick huyohuyo alijaza jalada kwa bendera za nchi za Afrika, kwa kuwa albamu yenyewe ilizungumzia Afrika. Rangi zilikuwa nyingi kwa sababu hoja ilizidai.

Ushauri wangu ambao sitaurudisha nyuma: chagua rangi moja itawale toleo zima, mbili zilizobaki ziwe uzi tu. Mstari mwembamba wa rangi tatu kwenye mgongo wa jarida unatosha kabisa. Picha ya jalada iache nyeusi na nyeupe kama ni nzuri, kichwa cha jarida kiwe cheusi au cheupe, na maandishi ya makala yawe meusi siku zote.

Dhana: Bila jani la bangi wasomaji hawatajua ni rege

Watajua, kwa jina la msanii aliyeandikwa jaladani. Jani halimwambii msomaji lolote kuhusu kilichomo ndani, na katika nchi nyingi linampa muuzaji sababu ya kuliweka jarida chini ya meza. Jamaika kwenyewe sheria ya kumiliki kiasi kidogo ililegezwa mwaka 2015 tu.

Dhana: Jalada lenye Bob Marley ndilo linalouza

Marley alifariki Mei 1981. Msomaji anayenunua jarida la muziki anataka kujua nani anarekodi sasa, nani anazunguka na jukwaa, sauti gani inakuja. Na sura ya Marley ina wenye haki zake. Huwezi kuitoa intaneti ukaichapa.

Dhana: Rege yote ina sura moja

Hapa wasanifu wenzangu ndio wanaokosea kuliko wateja. Miraba myeusi na myeupe ni ya lebo ya 2 Tone, iliyoanzishwa Coventry, Uingereza, mwaka 1979 wakati ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, ilipofufuliwa. Ukiiweka pembeni ya makala ya roots, rege ya imani na siasa, ya Kingston, Jamaika, umechanganya nchi na muongo. Dancehall, muziki wa kumbi za dansi uliozaliwa na rege, miaka ya 1980 ilikuwa na Wilfred Limonious, mchoraji wa katuni zenye wacheza dansi waliofurika jalada zima na maneno ya utani yaliyojazwa kila pembe. Lovers rock ya London ni muziki wa mapenzi, nayo inataka picha tulivu za karibu. Soma makala kwanza, uliza ni ya mwaka gani na ya mji gani, ndipo ufungue programu ya usanifu.

Dhana: Rege ni muziki wa kujiachia, kwa hiyo kurasa zisifuate mpangilio

Anayesema hivi hajaisikiliza ngoma. Katika mdundo wa one drop pigo la kwanza huachwa tupu na ngoma kubwa huangukia la tatu, kwa nidhamu ileile mwanzo hadi mwisho, huku bezi ikibeba wimbo. Utulivu unaousikia umejengwa juu ya mpango usiobadilika. Ukurasa nao unahitaji safu zinazolingana, mstari wa msingi mmoja, ule ambao herufi husimama juu yake, kwa makala zote, na mahali palipoachwa wazi kwa makusudi.

Hata jalada lina kanuni zake za kawaida ambazo rege haizifuti: kichwa cha jarida juu, vidokezo muhimu upande wa kushoto kwa sababu rafuni majarida hulaliana na upande huo ndio unaobaki kuonekana, tarehe na bei mahali pa kudumu. Ndani, kwenye makala kuu, mimi huiacha tupu safu moja ya nje, kurasa zote, toka picha ya kufungulia hadi sentensi ya mwisho. Mhariri akitaka kuisukumia tangazo, mkatalie, kisha mtafutie robo ukurasa nyuma, kwenye habari fupi.